Milango mitatu ya Ruwenzori: mashauri kwa kijana wa ziwani anayetaka kuona theluji



Sisi watu wa Mahagi-Port tunajua maji. Tunajua upepo wa jioni unaoanza kidogo kidogo na kugeuza ziwa lote kuwa nyeupe. Tunajua bei ya nyavu na ya mafuta ya motere. Lakini mambo ya mlima wa theluji hatuyajui, hata kama mlima huo ni jirani ya ziwa letu kwa njia ya maji. Chukua karte ya shule uangalie. Mito ya Ruwenzori inayoshuka upande wa Kongo inaingia katika Semuliki. Ile inayoshuka mashariki, upande wa Uganda, inapita Ziwa George na Ziwa Edward, halafu nayo inafika Semuliki. Na Semuliki inamwaga maji yake katika Ziwa Albert, upande wa kusini. Basi tone la theluji linaloyeyuka kule juu linapita mbele ya Tchomia na Kasenyi, linafika karibu na mlango wako, kisha linaingia Nile na kwenda zake mpaka Misri.

Siku hizi vijana wanauliza: "Pasta, siye tunaweza kupanda kule?" Wengine ni walimu wanaofundisha wanafunzi habari za theluji ambayo hawajaigusa hata siku moja. Wengine ni vijana wa kwaya wenye nguvu, wanaosema mlima ni mlima tu. Jibu langu ni hili: ndiyo, mtu wa ziwani anaweza kupanda Ruwenzori. Lakini mlima ule una milango mitatu, na kila mmoja unataka ruhusa yake. Wa kwanza ni mpaka wa nchi. Wa pili ni parke. Wa tatu ni mwili wako mwenyewe. Wengi wanajisumbua kwa ile miwili ya kwanza na kuusahau wa tatu. Na wa tatu ndio unaoua.

MLIMA WENYEWE

Ruwenzori si mlima mmoja. Ni safu ya milima yenye urefu wa kilomita karibu 120, iliyosimama kwenye mpaka wa Kongo na Uganda. Si mlima wa moto kama Nyiragongo. Ni mwamba ulioinuliwa kutoka chini ya dunia. Kilele kilicho juu kuliko vyote kinaitwa Margherita, kiko kwenye mlima Stanley, nacho kina mita 5,109. Katika Afrika ni Kilimanjaro (mita 5,895) na Mlima Kenya (mita 5,199) tu inayoupita.

Sasa linganisha. Uso wa ziwa letu uko karibu mita 620 tu juu ya bahari. Mtu akitoka ufukoni Mahagi-Port mpaka Margherita, amepanda karibu mita 4,500. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa inapoa karibu digri 6. Kama mchana wa Mahagi-Port una digri 30, kule juu mchana huo huo una digri tatu hivi, na usiku maji yanaganda.

Wenyeji wa milima hiyo ni Wakonzo upande wa Uganda na ndugu zao Wanande upande wa Kongo. Wao waliijua theluji zamani, na wana neno lao la kuitaja: nzururu. Wageni waliisikia habari hiyo na kubishana. Stanley aliiona mwezi wa tano mwaka 1888, akiwa kando ya kusini-magharibi ya ziwa letu hili, siku mawingu yalipofunguka. Mtu wa kwanza anayejulikana kufika kilele cha Margherita ni mwana wa jamaa ya kifalme ya Italia, Luigi Amedeo, mwezi wa sita mwaka 1906.

Wakati ule barafu ya Ruwenzori ilikuwa na mapande 43 juu ya milima sita, karibu kilomita 7.5 za mraba. Ilipofika 2005, ilibaki chini ya kilomita 1.5 kwenye milima mitatu tu, na tangu hapo imezidi kupungua. Mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu zote za Afrika zaweza kwisha ifikapo 2050. Kwa hiyo kijana anayesema "nitaenda nikiwa mzee" huenda atakuta mwamba mtupu. Haja yake ya kwenda sasa ni haki. Lakini haraka na matayarisho ni vitu viwili.

KWANZA ULIZA: UPANDE GANI?

Njia ya Kongo inaanzia Mutwanga, chini ya mlima, katika Parke ya Virunga. Parke hiyo ilifunguliwa mwaka 1925, nayo inatunzwa na ICCN. Njia inapita kambi za Kalonge, Mahangu na Kiondo, na ni njia nzuri sana. Lakini, wandugu, tuseme ukweli. Barabara kutoka Bunia kwenda Beni kwa njia ya Komanda, Eringeti na Oicha imemwaga damu ya watu wetu wengi tangu 2014. Vijiji vya sehemu ya Ruwenzori, karibu na Mutwanga, vimeshambuliwa mara nyingi, hasa tangu mwisho wa 2020. Usiende kwa maneno ya rafiki aliyesikia kwa rafiki kwamba "sasa kimya". Pasipo neno la parke yenyewe, na pasipo neno la kanisa au jamaa wanaoishi kule, usitie mguu.

Njia ya Uganda inaanzia Nyakalengija au Kilembe, karibu na muji wa Kasese. Wasomaji wa Mongbwalu, Kilo na Durba mtapenda kujua kwamba Kilembe ni muji wa mgodi kama yenu. Tangu miaka ya 1950 walitoa shaba kule, na gari la moto lilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba hiyo. Kazi ilisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini nyumba za wafanyakazi ziko bado bondeni, kando ya mto Nyamwamba. Mto huo ulifurika vibaya mwaka 2013 na tena mwezi wa tano 2020, hata ukaharibu hospitali. Tena upande huu nao umeonja vita. Parke ya mlima ilifungwa tangu 1997 mpaka 2001, na mwezi wa sita 2023 wanafunzi wa Mpondwe, karibu na mpaka wa Kasindi, waliuawa usiku shuleni mwao. Nayataja haya ili ujue kwamba kuuliza habari za usalama ni kazi ya juma lile lile la safari. Habari ya mwaka jana haikusaidii.

Katika mashauri haya nafuata njia ya Uganda.

MLANGO WA KWANZA: MPAKA

Mtu wa Mahagi-Port anavuka kwenda sokoni Panyimur kama anavyokwenda kwa shangazi yake. Kwa sababu hiyo tunadanganyika. Karatasi ya kwenda sokoni na kurudi jioni si karatasi ya kulala majuma mawili mbali ndani ya nchi ya watu. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini mpaka haukufutwa. Fanya hivi:

1. Tafuta pasipoti miezi mingi mbele, wala si siku ya mwisho. Angalia tarehe ya kwisha kwake.

2. Nenda kwa ofisi ya DGM uulize mwenyewe: ninatakiwa nini kutoka, na Uganda wanataka nini kuingia? Masharti ya viza hubadilika. Usichukue jibu la mtu wa kamyo.

3. Pata karte ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo inahesabiwa kuwa na nguvu baada ya siku 10. Ukichomwa leo na kuvuka kesho, umechelewa. Lakini ukichomwa mara moja inatosha kwa maisha.

4. Kama katika kundi kuna mtoto ambaye hajafika miaka 18, wazazi wote wawili waandike ruhusa na iwekwe kashe ya serikali. Barua ya kanisa ni nzuri, inamtambulisha mtu kwa wandugu wa kule. Lakini barua ya kanisa si pasipoti.

5. Piga kopi ya kila karatasi. Kopi moja ibaki nyumbani, nyingine ikae katika mzigo wa rafiki.

6. Dola zako ziwe safi na za miaka ya karibuni. Noti ya zamani au iliyopasuka kidogo wataikataa, nawe utasimama mbele ya mlango ukiwa na feza isiyokuwa feza.

Mpakani kubali kunawa mikono na kupimwa joto. Ituri yetu iliguswa na Ebola ya 2018 mpaka 2020, na majirani hawajasahau. Usikasirike. Mtu anayechunguzwa hatukanwi.

NJIA YA CHINI

Kutoka Mahagi-Port unaweza kupanda kwa Mahagi, ukavuka Goli, ukashika Nebbi na Pakwach, kisha Karuma, Masindi, Hoima, Kyenjojo, Fort Portal, mpaka Kasese. Ni njia ndefu. Hesabu siku mbili, nawe usiendeshwe usiku.

Wengine wanapenda kushuka kwa ziwa mpaka Ntoroko, kwa sababu kutoka pale Fort Portal si mbali. Sikatazi. Lakini kumbukeni mwezi wa tatu mwaka 2014, boti iliyobeba wakimbizi wakirudi kwao Kongo ilizama katika ziwa letu hili, na watu zaidi ya 200 wakafa, wengi wakiwa watoto. Boti ilijazwa kupita kiasi. Kwa hiyo: usiingie boti isiyokuwa na koti la kuelea kwa kila mtu. Usiingie boti ambayo maji yanakaribia ukingo wake. Usiondoke jioni. Kama mwenye boti anakucheka, mwache acheke. Atabaki na kicheko chake, na wewe utabaki na uzima wako.

MLANGO WA PILI: PARKE

Parke ya Taifa ya Milima ya Ruwenzori ilianzishwa na Uganda mwaka 1991, na 1994 ikaandikwa katika urithi wa dunia. Si kilima cha kuombea nyuma ya muji, ambacho kila mtu anapanda saa anayotaka. Sheria ni hizi kwa ufupi. Kila mtu anaandikishwa mlangoni. Ni lazima uende na kiongozi wa mlima, huwezi kupanda peke yako. Unalala katika kambi zilizowekwa. Hukati mti, huwashi moto ovyo, huwindi, huachi takataka. Mizigo ya wapagazi inapimwa, kwa sababu zamani watu walibebeshwa kama punda.

Andika mapema kwa wale wanaoongoza safari, iwe Nyakalengija au Kilembe, uwaulize mambo haya kwa maandishi:

– Bei inahesabu nini? Kiingilio, kiongozi, wapagazi, chakula, kambi, vifaa vya barafu?

– Bei ya wenyeji wa Afrika Mashariki na bei ya wageni hazilingani. Mimi Mkongomani nahesabiwa wapi, na nionyeshe karatasi gani?

– Nikigonjwa siku ya tatu, nani ananishusha, na nani analipa?

– Naweza kuongeza siku moja ya kupumzika njiani?

Swali la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Utaona sababu yake sasa hivi.

MLANGO WA TATU: MWILI

Mlango huu hauna askari, hauna kashe, wala hauna mkubwa wa kupewa chai. Huwezi kupanga naye pembeni.

Kule juu hewa ni nyepesi. Karibu na kilele, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya hewa unayopata hapa ziwani. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku. Wanganga wa milima wanafundisha hivi: ukipita mita 3,000, kambi ya leo isizidi ya jana kwa mita 300 mpaka 500, na kila siku tatu au nne upumzike siku moja.

Sasa weka kanuni hiyo juu ya njia ya Nyakalengija. Usiku wa kwanza unalala Nyabitaba, karibu mita 2,650. Wa pili, John Matte, zaidi ya mita 3,400. Wa tatu, Bujuku, karibu mita 3,960. Wa nne, Elena, karibu mita 4,540. Halafu saa ya usiku unaamka kwenda kileleni. Wewe mwenyewe waona kwamba ngazi hizi ni ndefu kuliko kanuni inavyotaka, hasa kwa mtu aliyezaliwa mita 620. Ndiyo maana nasema uombe siku moja zaidi, John Matte au Bujuku. Itakugharimu feza. Maziko yanagharimu zaidi.

Kijana mwenye mabega atasema: "Miye niko nguvu, nabeba gunia ya samaki mpaka Mahagi bila kupumzika!" Vizuri sana. Panda mteremko ule kwa miguu, mara mbili au tatu kila juma, kwa miezi miwili, ukiwa na mzigo mgongoni. Miguu yako itakushukuru. Lakini ugonjwa wa mlima hauulizi mabega. Unamkamata mwenye nguvu na kumwacha mzee mwembamba. Tena mwenye nguvu yuko katika hatari zaidi, kwa sababu anakimbia mbele ya wengine na anaona haya kusema.

Jifunze dalili zake. Za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kuchoka kuliko kawaida, kukosa usingizi. Ukiwa nazo, simama pale pale ulipo, usipande hata hatua, mpaka zipite. Zisipopita, shuka. Dalili za hatari ni nyingine. Kama mtu anayumba kama mlevi, anasema maneno yasiyo na maana, anakosa pumzi hata akiwa amekaa, au anakohoa na kutoa povu lenye damu, mtu huyo anashushwa saa ile ile, hata kama ni usiku, hata kama kilele kinaonekana. Dawa yake ya kwanza ni kushuka.

Iko dawa ya vidonge inayosaidia mwili kuzoea, inaitwa Diamox. Usiinunue sokoni na kujipimia. Ni ya kuandikwa na munganga, na haifai kwa kila mtu.

Kabla ya kulipa hata senti moja, nenda hospitali, umwambie munganga waziwazi unakokwenda. Ulizia mambo haya:

Damu. Katika jamaa zetu kuna watoto na vijana wenye ugonjwa wa SS. Mwenye SS asipande mlima huu. Hata yule ambaye ni AS, anayeonekana mzima maisha yake yote, hewa nyepesi inaweza kumwamsha maumivu makali ya wengu. Apimwe ajijue, asikie neno la munganga. Pima pia kama una upungufu wa damu. Minyoo na bilarzioze ya ufuko wetu vinakunywa damu kimyakimya.

Malaria. Unaweza kuibeba katika damu kutoka Mahagi-Port na ikaamka juu ya mlima. Kichwa kikiuma kule, utashindwa kujua kama ni mlima au ni homa. Basi lala ndani ya musikitere kila usiku kabla ya safari, beba kipimo na dawa, na homa yoyote ikusimamishe.

Mapafu. Nasema nanyi wandugu wa machimbo. Aliyeponda mawe kwa miaka, akivuta vumbi lile jeupe, mapafu yake yaweza kuwa yamekwisha kupata makovu pasipo yeye kujua. Hapa chini anapumua sawasawa. Kule juu hatakuwa na akiba. Apimwe kifua kwanza.

Mama mwenye mimba, na mtu mwenye ugonjwa wa moyo, wabaki chini. Kasese na Kilembe zina mambo mengi ya kuona, na mlima unaonekana vizuri asubuhi.

Neno moja zaidi, kwa sababu nawajua vijana wetu. Kuna wanaotaka kupanda wakiwa katika kufunga. Kufunga ni jambo jema. Fanya nyumbani kabla ya safari. Lakini juu ya mita 3,000 mwili unataka maji mengi na chakula kila siku, hata kama hamu haiko. Anayefunga kule anaufungulia ugonjwa mlango, na atakayembeba ni mpagazi ambaye hakuulizwa.

VITU VYA KUBEBA

Ruwenzori ni mlima wa mvua na matope. Kila mwaka inanyesha zaidi ya mita mbili za maji. Miezi yenye nafuu ni kumi na mbili mpaka wa pili, na wa sita mpaka wa nane. Hata hivyo utalowa. Mahali panapoitwa Bigo matope yanafika magotini.

Beba bote za mpira zenye kukutosha na soksi nene, jozi tatu au zaidi. Zitembelee nyumbani kwanza, zisikuumize siku ya kwanza. Beba koti la mvua na suruali yake, majaketi mawili ya joto, kofia ya kufunika masikio, glavu. Acha jinzi: ikilowa haikauki. Nguo za kulalia zifungwe ndani ya sashe ya plastiki, wala zisiguswe mchana, hata kama unatetemeka. Mfuko mzuri wa kulalia unaweza kukodi kule. Beba tochi na mawe yake, miwani ya jua, kwa sababu mwanga wa theluji unaunguza macho, na mafuta ya kujipaka usoni.

Kwa kilele chenyewe unahitaji kamba, shoka la barafu na meno ya chuma yanayofungwa chini ya viatu. Usiyanunue, yaombe kwa wenye kuongoza, uyapime mguuni ukiwa bado chini. Barafu ina mipasuko inayoweza kummeza mtu. Mwenye kamba hapotei.

Juu ya chakula, akina mama wasikie. Kule juu maji yanachemka kabla ya kuwa moto sawasawa: Elena yanachemka yakiwa na digri 85 hivi. Maharagi utayapika mpaka kesho na hayataiva. Bebeni vyakula vyepesi kuiva: mchele, unga wa uji, karanga zilizosagwa, sukari, samaki kavu aliyesagwa. Na chai nyingi.

Simu usiitegemee. Kabla ya kuondoka andika kwenye karatasi: njia yetu, majina ya kambi, siku ya kushuka, namba ya kiongozi. Karatasi ibaki kwa mtu mmoja nyumbani, na mkubaliane: zikipita siku mbili bila habari, apige simu kwa nani?

KURUDI SI AIBU

Nafika sasa kwa jambo ambalo halinunuliwi. Kundi la vijana limechanga feza mwaka mzima. Kanisa limesaidia, wazazi wameuza mbuzi. Siku ya nne mmoja wao anaanza kuumwa kichwa na kutapika. Anajua kwamba akisema, kundi lote litasimama. Basi ananyamaza, anasema, "Niko muzuri tu, twende." Hapo ndipo vifo vya milimani vinapoanza, katika ile haya ya kutaka kutoharibia wengine.

Kwa hiyo fanyeni agano kabla ya kuvuka mpaka, mbele ya wazazi, na kila mmoja aseme kwa kinywa chake: Atakayeumwa atasema. Atakayesema hatalaumiwa. Hakuna atakayeshushwa peke yake. Mmoja wetu atashuka naye, na hatamkumbusha feza maisha yake yote. Na neno la kiongozi wa mlima likiwa "tunarudi", tunarudi.

Nanyi wazazi, msimpokee mtoto aliyerudi kutoka Bujuku kwa swali la "kumbe hukufika?" Bujuku ni karibu mita 4,000. Ni juu kuliko kila mlima wa Ituri. Amegusa miti mikubwa ya ajabu ambayo haioti ila milimani juu, ameona barafu kwa macho yake, na amerudi na miguu yake. Amefika.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Katika jamaa yetu, nani anajua kama yeye ni AA, AS au SS? Kama hatujui, tutapima lini?

2. Katika milango mitatu, ni upi sisi tunapenda kuupita bila ruhusa?

3. Mtoto wetu akirudi kabla ya kilele, tutamwambia maneno gani siku atakaposhuka kwenye kamyo?

Safari njema kwenu mtakaokwenda.